Maji Yatokayo Ukutani

"Bahari haina lango." Hiyo ni nusu ya kwanza ya mshororo ulio katika ukurasa wa kumi na moja wa daftari la marehemu baba yangu. Nusu ya pili haipo. Mahali pake pana doa la rangi ya jani kavu, kubwa kadiri ya kiganja cha mtoto, na katikati ya doa hilo mna tundu lenye kingo laini kama za kitambaa kilicholiwa na nondo. Ni koga. Niliiona mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, nilipofungua kasha kutafuta hati ya nyumba, nikainuka na huzuni ambayo sikuwa nimeitafuta.

Mpenzi wa ushairi hahitaji kuelezwa maana ya hasara hiyo. Mizani minane imesalia, minane imekwenda; kina cha kati kipo, cha mwisho hakipo. Baba alikuwa mwalimu wa chuo, si mtu wa kutajwa vitabuni, na mashairi yake 32 hayakuwahi kupigwa chapa. Aliyaandika kwa hati za Kiarabu, kwa wino wa buluu, katika daftari la skuli lililofungwa kwa pini mbili ambazo sasa zimeshika kutu. Nakala ni hiyo moja. Tangu siku ile nyumba yetu imekuwa na suala ambalo mtu wa mbali angelicheka: mashine ya kukausha hewa iwashwe kwa muda gani kila siku? Suala hilo nimelihangaikia miezi minane. Nimebishana na mama kwa ajili yake, nimeharibu kitu na kuokoa kitu. Naandika niliyojifunza kwa kuwa najua kwamba katika visiwa hivi koo zisizokuwa na kasha ni chache.

Nyumba yetu imo Mji Mkongwe, katika kichochoro ambacho jua hukipitia adhuhuri tu, tena kwa haraka, kama mtu aliyekosea njia. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kupita mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Vyumba ni vyembamba na virefu, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazivuki upana wa mita tatu hivi. Urefu wa mti ndio ulioamua upana wa maisha yetu. Chumba cha mama kina upana wa mita 3, urefu wa mita 6 na kimo cha mita 3 na nusu. Kasha la baba lilikuwa humo tangu utoto wangu, chini ya dirisha, limeegemea ukuta wa nje. Ndani yake mama hutia karafuu na kafuri kila mwaka kwa ajili ya wadudu. Wadudu kweli hawakuingia. Aliyeingia ni mwingine, ambaye karafuu haimzuii.

Mashine ililetwa na dada yangu aishiye Uingereza, katika shehena ya vitu vya nyumbani. Kule nyumba hufungwa kwa sababu ya baridi, na mvuke wa mapishi na wa nguo zinazokaushwa ndani hukosa pa kutokea. Kwa hiyo chombo hiki hakiwi kioja kwao. Ndani yake mna mabomba yanayopozwa kama ya friji. Hewa ikivutwa na kupitishwa juu yake, mvuke hugeuka matone, matone yakadondoka ndooni, na hewa ikarudi chumbani ikiwa kavu zaidi na yenye joto zaidi. Kijitabu chake kilieleza mambo matatu: funga madirisha na milango; siku za mwanzo iwashe mfululizo; kisha iwekee kiwango unachotaka, ijizime yenyewe. Mama alikaa kitandani akaisikiliza ikiunguruma, akaipa jina ambalo limebaki mpaka leo. Akaiita mgeni.

Siku ya kwanza ndoo ilijaa lita sita. Niliibeba hadi uani kwa fahari ya mvuvi aliyerudi na mzigo. Nilimwonyesha mama: tazama, haya yote tulikuwa tunayavuta puani! Siku ya pili lita sita tena. Siku ya tatu tano na nusu. Usiku nilianza kujiuliza swali ambalo ningalipaswa kujiuliza mapema: maji haya yanatoka wapi?

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Hewa yenye joto la nyuzi 28 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 27 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Kipimo nilichoninginiza ukutani kilionyesha unyevu wa asilimia 85, maana yake hewa ilikuwa imebeba sehemu 85 katika kila 100 za mvuke ambao ingeweza kuubeba kwa joto lile. Chumba cha mama ni mita za ujazo 63. Ukizidisha, maji yote yaliyokuwa hewani humo hayafiki lita moja na nusu. Na ili kuushusha unyevu mpaka asilimia 60 ilitosha kuondoa chini ya nusu lita. Nusu lita! Nami nilikuwa nimekwishamwaga lita kumi na saba na nusu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya maji yale haikuwa ya hewa ya chumba. Nyingine iliingia kwa nyufa za madirisha, maana madirisha yetu ya mbao hayajawahi kufungika sawasawa tangu yatoke mkononi mwa seremala, na nje ya nyufa hizo iko Bahari ya Hindi nzima. Nyingine ilitoka katika godoro, katika mbao, katika mapazia. Na nyingi, kwa nionavyo, zilitoka ukutani. Nilikuwa nadhani nakausha hewa, kumbe nainyonya nyumba.

Ukuta ulinijibu siku ya tano. Chini ya dirisha, mahali lilipokuwa kasha, palianza kutoka unga mweupe, mwepesi kama sukari ya kusagwa. Nilipoupitisha ulimini ulikuwa wa chumvi. Siku ya nane chokaa ilianza kubanduka kwa magamba. Nikamwita fundi mzee ambaye kwa miaka mingi amezitengeneza nyumba za mtaa wetu. Aliweka kiganja ukutani, akatulia kama tabibu anayepima homa, kisha akaniuliza: "Umemfanya nini huyu?"

Maelezo yake nayaweka hapa kwa maneno yangu. Mawe ya nyumba hizi yalizaliwa baharini, na chumvi imo ndani yake tangu asili. Chokaa ina vitundu vidogo visivyoonekana. Maji huingia wakati wa mvua na kutoka wakati wa jua, na hivyo ndivyo ukuta unavyopumua. Ukikauka polepole, chumvi hutoka kidogo kidogo bila madhara makubwa. Ukikaushwa kwa nguvu, maji hukimbilia usoni mwa ukuta yakiibeba chumvi. Maji hutoweka, chumvi hubaki ikaganda kuwa fuwele, na fuwele zinapokua huisukuma chokaa kutoka ndani mpaka ikamomonyoka. Wanaopiga plasta ya saruji juu ya mawe haya hukosea kwa upande wa pili: humziba pumzi, maji yakanaswa ndani. "Yeye amemziba pua," alisema fundi akimkusudia jirani aliyepiga saruji mwaka jana, "na wewe umemkamua. Nyote wawili mwamuua." Watu wa mji huu, tulioshuhudia sehemu ya Beit-el-Ajaib ikianguka tarehe 25 Disemba 2020, hatuyasikilizi maneno kama hayo kwa mzaha.

Na si ukuta peke yake. Katika kasha lile mlikuwa na msahafu wa babu wenye jalada la ngozi. Ngozi ile ilikuwa imeuzoea unyevu wetu kwa miongo mingi, imevimba na kusinyaa nao msimu kwa msimu. Ilipokaushwa kwa siku tisa mfululizo ilikakamaa, na nilipoufungua nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kinachovunjika. Mgongo wa jalada ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini. Koga haikuwa imeugusa msahafu ule. Aliyeupasua ni mimi, kwa nia njema.

Nikaizima mashine. Siku nne baadaye kipimo kilirudi asilimia 84, na harufu ya uvundo ikarudi kasha lilipofunguliwa.

Hapo ndipo suala la muda lilipokuwa suala kweli. Koga hupata nguvu pale unyevu unapokaa juu ya asilimia 70 kwa siku kadhaa, hasa penye joto kama letu na hewa isiyotembea. Ukiushusha kati ya asilimia 55 na 60, mbegu zake hubaki zimelala. Hazifi, lakini haziamki. Chini ya hapo, kwa kasha kama letu, faida inakuwa ndogo na hatari inaanza: gundi hukauka, ngozi hupasuka, karatasi iliyolegea miaka hamsini hukakamaa. Na kinachodhuru zaidi ya ukavu wenyewe ni mpando na mshuko, leo kavu kama jangwa, kesho maji kama chemchemi. Karatasi huvimba na kusinyaa, na kila mara wino hupoteza kitu kidogo. Kwa hiyo nilihitaji muda usiozidi wala kupungua, tena wa kila siku bila kukatika. Muda huo ni upi?

Nilimwendea mama na pendekezo la saa kumi na mbili: kuanzia magharibi hadi alfajiri, madirisha yamefungwa.

"Nani atakayelala humo?" aliuliza.

"Wewe, mama."

"Mwanangu, mimi si kopra ya kutiwa tanurini."

Nikamweleza habari za koga, asilimia na mbegu zilizolala. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ndiyo adabu yake, kisha akasema: "Baba yako alilala chumba hiki miaka arubaini na madirisha wazi. Akiisikia bahari, akiisikia adhana, akimsikia muuza kahawa akigonga vikombe vyake. Mashairi hayo unayoyakausha ndimo yalimotoka. Leo wataka kuyafungia dirisha lililoyazaa?"

Sikuwa na jibu. Nilijua pia jambo ambalo yeye hakulisema: kwamba usiku wa siku tisa zile alikuwa akikohoa kwa kukauka koo, na hakunilalamikia kwa sababu alijua ninafanya kazi ya baba. Niliona haya. Nilikuwa nimepima unyevu wa karatasi asubuhi na jioni, na sikumwuliza hata mara moja aliyelala kando yake.

Kulikuwa na hesabu nyingine pia, ya umeme. Mgongoni mwa mashine pameandikwa wati 300. Ikiwaka saa 24 inakula yuniti 7.2, kwa siku 30 ni yuniti 216. Na mtu wa Unguja hawezi kuutegemea umeme kama anavyolitegemea jua. Kati ya Mei na Juni 2008 tulikaa takriban mwezi mmoja bila umeme kutoka bara; na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa takriban miezi mitatu. Tuliishi kwa mishumaa, majenereta na dua. Tangu siku hizo umeme umeimarika, lakini somo limebaki: kitu unachokihifadhi kwa umeme mtupu umekihifadhi mpaka umeme utakapokatika. Kasha lililozoezwa asilimia 45, kisha likaachwa ghafla katika asilimia 85 ya Aprili, lingeumia kuliko lisilozoezwa kabisa.

Aliyeutatua mgogoro ni mama, na aliutatua kwa karafuu.

Yeye ni mzaliwa wa Pemba, na katika usichana wake amechambua na kuanika karafuu misimu mingi. Alasiri moja alinikuta nimekaa na saa, kipimo na karatasi ya hesabu, akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia natafuta idadi ya saa. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Karafuu hukauka kwa siku ngapi?" akaniuliza.

"Siku nne, tano..."

"Ni ya nani hiyo ya siku nne? Jua likiwa kali ni nne. Likiwa la mawingu ni saba. Mvua ikikukatiza hujui hata ni ngapi. Hatukuwa tukihesabu siku. Ukiichukua moja ukaivunja kwa kidole, ikilia *tak*, imekauka. Ikipinda, bado. Ukiiondoa mapema inavunda gunia zima. Ukiiacha ikapitiliza, vikonyo vinakatika, vichwa vinamwagika, na uzito wako umekwenda na upepo. Karafuu haikaushwi kwa saa, mwanangu. Hukaushwa kwa sikio."

Akaliomba daftari. Akaushika ukurasa mmoja kwenye pembe, baina ya kidole gumba na cha shahada, akautikisa taratibu karibu na sikio lake. Ukurasa wenye unyevu, nilijifunza siku ile, hunyamaza. Mkavu kupita kiasi hupiga kelele kama jani la mkungu. Uliokaa sawa hutoa sauti ya chini, kama mtu anayegeuka usingizini. "Huu bado," alisema. Nikatazama kipimo: 74. Mama hajui kusoma kipimo kile, wala hakuhitaji.

Tukakubaliana hivi. Kasha likahama. Halikuwa na haja ya kukaa chumba cha kulala, wala halikupasa hata siku moja kuegemea ukuta wa nje. Ndani ya nyumba kuna kijichumba kilichokuwa cha kuwekea vyungu, chenye mita 2 kwa 2 na kimo cha mita 3, ambacho kuta zake zote zapakana na vyumba vingine na hazipigwi na mvua. Hewa yake ni mita za ujazo 12. Mvuke wake wote, hata masika, hauzidi gilasi moja na nusu. Kasha likawekwa juu ya vibao ili hewa ipite chini yake, mbali kidogo na kuta pande zote. Mlango ukatiwa utepe wa mpira pembeni. Mgeni akahamia humo, naye mama akarudishiwa dirisha lake, bahari yake na muuza kahawa wake.

Na muda? Masika, mashine huwashwa baada ya sala ya alasiri, na mara nyingi saa mbili hutosha kufika asilimia 58. Siku ya mvua ya kutwa hufika saa nne. Vuli ni saa moja, au siku moja na kuruka moja. Miezi ya kusi, upepo unapokuwa mkavu na kipimo kikikaa chini ya 65 chenyewe, haiwashwi kabisa. Mlango wa kijichumba huachwa wazi mchana na kasha likafunuliwa lipunge hewa, kwani hewa inayotembea nayo ni dawa. Nimejifunza pia kutokiamini kipimo wakati mashine inawaka. Mashine hutoa joto, na hewa iliyopata joto huonekana kavu hata kama haijapungukiwa na tone. Kwa hiyo naizima, nangoja nusu saa, ndipo nasoma. Kisha, kwa kuwa mama ameamrisha, nachukua ukurasa mmoja nikausikiliza. Matumizi ya masika sasa hayafiki yuniti moja kwa siku, ila siku za mvua kubwa.

Ndoo haijai tena lita sita. Hupatikana kikombe, vikombe viwili. Nilipoona hivyo mwanzoni nilisikitika, kama kwamba kazi haifanyiki, mpaka nikakumbuka kwamba ile ndoo iliyojaa ndiyo iliyokuwa dalili ya uharibifu.

Turudi kwa ule mshororo.

Daftari lilipokaa sawa, nilitoka nalo kibarazani asubuhi isiyo na upepo, nikafunga kitambaa puani na kuipangusa koga kwa brashi laini ya kunyolea, ukurasa kwa ukurasa. Sikulianika juani. Jua hukausha, lakini hupausha wino wa buluu, na wino huo ndio baba mwenyewe. Kisha nilimsomea mama. Tulipofika ukurasa wa kumi na moja nikasema: "Bahari haina lango," nikanyamaza. Naye, bila kusita, kwa sauti ya mtu anayejibu salamu, akamalizia: "wala haina mlinzi."

Mizani minane. Kina *zi*, sawasawa na mishororo mingine ya ubeti ule. Machozi yalinitoka. Nikaona nimepata nilichokipoteza, na kwamba mashine, kipimo na kijichumba vyote havikuwa na haja, maana mashairi yalikuwa kifuani mwa mama muda wote. Tunajua jinsi mashairi ya Muyaka yalivyookoka: yalikaa katika vifua vya watu wa Mombasa, Mwalimu Sikujua akayakusanya, yakaandikwa pamoja na Taylor, makaratasi yakafika London, na diwani ikapigwa chapa na Hichens mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mtungaji kufariki. Kifua kwanza, karatasi baadaye.

Lakini jioni ile niliuinua ukurasa mbele ya taa, nikautazama ubavuni, mwanga ukipita juu yake kwa mshazari. Pembeni mwa tundu, ndani ya doa, palikuwa na mabaki ya kalamu: kijiti kimoja kilichosimama, na baada yake herufi ya *ze* na nukta yake. Kijiti ni alifu. Wasomaji wa hati hizi wanajua kwamba waandishi wetu wengi huivuta silabi ya pili kutoka mwisho: alifu kwa *a*, *ye* kwa *i*, *wau* kwa *u*. Baba alifanya hivyo bila kukosea katika mashairi yote 32. "Mlinzi" lingeandikwa kwa *ye*. Neno lililokuwapo hapo lilikwisha kwa *-azi*. Wakaazi? Kazi? Wazi? Sijui. Mchana kutwa i wazi? Na sisi tu wakaazi? Mshororo unakubali yote, na kila moja unaufanya shairi jingine.

Nilimweleza mama. Akasema ameusikia kwa masikio yake, baba akiusoma kwenye baraza hiyohiyo, naye si mtu wa kuzua. Namwamini. Huenda baba aliuimba hivi na kuuandika vile. Mtungaji hubadilisha nia kati ya mdomo na kalamu. Huenda mama, katika miaka mingi ya kuurudia peke yake, ameutia mlinzi kwa kuwa yeye mwenyewe amekuwa mlinzi. Picha nilizopiga kwa simu, ambazo nilidhani zimeniondolea haja ya daftari, hazionyeshi alifu ile hata kidogo, zinaonyesha doa. Imo katika karatasi tu, katika ule mkwaruzo mdogo ambao ncha ya kalamu iliuacha. Kifua kimehifadhi mshororo mzima uliobadilika. Karatasi imehifadhi herufi mbili ambazo hazijabadilika. Nimeelewa kwa nini vyote viwili vinahitaji kutunzwa, na kwa nini kila kimoja kina unyevu wake.

Nimeanza kuyanakili mashairi yale katika daftari jipya. Ukurasa wa kumi na moja nimeandika nusu ya kwanza kwa wino mweusi, nikaacha nafasi ya mizani minane, na mwisho wa nafasi nikaweka alifu na *ze*. Chini yake, kwa wino wa rangi nyingine, nimeandika aliyoyasema mama, na kueleza kwamba ni yake. Atakayekuja baada yetu aamue, kama atakuwa na sikio.

Naandika haya saa kumi na moja jioni. Mvua ya vuli imekatika sasa hivi. Mgeni ameunguruma saa nzima nikamzima, na nimengoja nusu saa: asilimia 59. Mama amekuja kuchukua vikombe viwili vya maji vilivyopatikana, maana hayana chumvi na mrehani wake huyapenda. Amepita dirishani, amelisukuma hadi likagonga ukuta, na chumba chake kimejaa harufu ya bahari.